Maabara Haiingii Kwenye Simu

Kuna kauli inayorudiwa sana siku hizi kwenye vikao vya wazazi, kwenye semina za walimu na kwenye uzinduzi wa miradi ya elimu: kemia si tatizo tena, kilichobaki ni bando. Wanaoisema wana ushahidi mkononi. Video za kila mada zipo. Mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma ipo, na majibu yake yapo. Maabara za kuigiza zipo, ambamo mtoto anamimina asidi kwa ncha ya kidole na hakuna shati linalotoboka. Kwa nini basi, wanauliza, wakazi wa kata kama Moshono, pembezoni mwa Jiji la Arusha, waendelee kuchangishwa saruji na mabati kwa ajili ya chumba cha maabara wakati kemia yote ya dunia inaingia kwenye simu ya mama?

Swali hilo linaulizwa na watu wanaotoa fedha zao, kwa hiyo halifai kupuuzwa. Lakini jibu wanalolipendekeza ni baya, na madhara yake yatawaangukia watoto wasio na mtetezi. Nyenzo za mtandaoni zina kazi katika kemia, tena kazi kubwa. Wanaotaka zichukue nafasi ya meza ya maabara wanazipa kazi zisiyoiweza, na wakati huo huo wanaziacha bila kazi pale ambapo zingeokoa somo zima.

Hasira yao inaeleweka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zilichipuka nchi nzima, na nyingi zilifunguliwa zikiwa na madarasa bila maabara. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu: kimoja cha fizikia, kimoja cha kemia, kimoja cha baiolojia. Mwisho wa kazi ulipangwa kuwa Novemba 2014, ukasogezwa hadi Juni 2015. Michango ikakusanywa nyumba kwa nyumba. Majengo yakasimama. Kisha mahali pengi yakabaki majengo tu: meza za zege, sinki lisilo na maji, kabati lenye chupa chache zilizofutika lebo, na hakuna fundi sanifu wa maabara. Mzazi aliyechanga na kuona chumba kimegeuzwa stoo ya madawati, leo akiambiwa mtandao unatosha, ataitikia kwa moyo wote.

Lakini chumba kitupu kinadai vifaa. Hakithibitishi kwamba vifaa havihitajiki.

Tazama wanavyofanya wenye nafasi ya kuchagua. Moshono hapo hapo ndipo ilipo St Jude, shule iliyoanzishwa mwaka 2002 na Gemma Sisia kutoka Australia ikiwa na wanafunzi watatu, ambayo leo inasomesha bure watoto wengi wa familia maskini kwa michango ya wafadhili. Ina kompyuta, na ina maabara. UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, inafundisha mtaala wa kimataifa wa IB, ambao unamtaka mwanafunzi wa kemia wa ngazi ya juu atumie saa 60 kwenye kazi za vitendo. Wanafunzi wa mtaala huo wana intaneti ambayo mtoto wa shule ya kata anaiota, na bado mtaala unawarudisha mezani. Hutasikia shule ya ada kubwa ikiwatangazia wazazi kwamba imefunga maabara kwa sababu imepata mtandao wa kasi. Pendekezo la kuacha maabara hutolewa kwa ajili ya watoto wa watu wengine, na hilo pekee linatosha kututia shaka.

Shaka hiyo ina msingi katika somo lenyewe. Alex Johnstone, mkemia wa Chuo Kikuu cha Glasgow aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza kwa nini wanafunzi wanaona kemia ngumu, alionyesha kwamba somo hili linasemwa kwa ngazi tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile inayoonekana na kunuswa: chumvi ya shaba ni ya buluu, amonia inachoma pua, chokaa ikimwagiwa maji inatoa joto. Ya pili ni ya chembe zisizoonekana: atomi, molekuli na ayoni zinazogongana na kubadilishana elektroni. Ya tatu ni ya alama na hesabu: fomula, mlinganyo, moli. Mkemia anaruka kutoka ngazi moja kwenda nyingine bila kujitambua. Mwanafunzi anayetupiwa zote tatu kwa pamoja hulemewa, hukimbilia kukariri, na akikariri vya kutosha hufaulu bila kuelewa.

Ukizitazama shule zetu kwa jicho la Johnstone, tatizo linajitokeza lenyewe. Ngazi ya tatu imejaa hadi kufurika. Ubao umeandikwa milinganyo tangu Kidato cha Kwanza, daftari limenakiliwa, madesa yamezungushwa bweni zima. Ngazi ya kwanza ndiyo iliyo tupu. Na mwanafunzi wa kawaida anapopata simu ya kaka usiku, anapakua nini? Madesa mengine, safari hii katika PDF. Pepa za zamani zilizokwisha kusolviwa. Anaongeza alama juu ya alama, mahali palipokwisha kujaa.

Ngazi ya pili, ile ya chembe, ndiyo mahali mtandao unapong'aa, na haki itendeke. Mradi wa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka uliotangulia, una michezo ya kisayansi inayomwezesha mtoto kujenga atomi kwa kuongeza protoni moja moja, kuona molekuli za maji zikipata joto na kutawanyika, kusawazisha mlinganyo huku mizani ikipanda na kushuka. Baadhi imefasiriwa kwa Kiswahili. Inapakuliwa mara moja na kutumika bila mtandao. Hakuna ubao wala chaki inayoweza kufanya kazi hiyo.

Watetezi wa maabara za kuigiza wana silaha nzito kutoka chuo hicho hicho. Mwaka 2005 watafiti wa Colorado walichapisha matokeo ya jaribio lao katika darasa la fizikia: kundi moja lilijifunza saketi za umeme kwa waya, betri na balbu halisi, lingine kwa kompyuta. Baadaye makundi yote mawili yalipopewa vifaa halisi, waliotumia kompyuta walifanya vizuri zaidi. Matokeo hayo ni ya kweli, na anayetetea maabara hana haja ya kuyakwepa. Maana yake ni kwamba mkondo wa umeme hauonekani, na kompyuta iliuonyesha. Wanafunzi wale walikuwa na wakufunzi pembeni yao, na walikuwa wamewasha na kuzima taa tangu utotoni. Ngazi ya kwanza walikuja nayo kutoka nyumbani; iliyokosekana ilikuwa ya pili. Mtoto ambaye hajawahi kuona mashapo meupe yakitokea ghafla ndani ya vimiminika viwili vilivyokuwa angavu hana ngazi ya kwanza ya kusimamia. Ukimwonyesha ayoni kwenye kioo anaona vidoti vya rangi vikitembea, basi.

Chukua titresheni, jaribio ambalo halikosekani kwenye maandalizi ya mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne. Kwenye skrini ni jambo la nusu dakika: unabonyeza, asidi inashuka, rangi inageuka, namba inajiandika yenyewe. Mezani mambo ni mengine. Bureti inasafishwa kwanza kwa maji, kisha kwa asidi ile ile itakayotumika, maana matone ya maji yakibaki ndani yataizimua na hesabu yote itapotoka. Kiputo cha hewa kilichojificha chini ya koki lazima kitolewe. Jicho linashushwa hadi usawa wa kimiminika, kwa sababu anayesoma kutoka juu anapata namba nyingine na anayesoma kutoka chini anapata nyingine. Mkono wa kushoto uko kwenye koki, wa kulia unatikisa chupa. Myeyusho wenye methili oranji ni wa njano, unakaa njano kwa muda mrefu hadi mwanafunzi anachoka, halafu tone moja linauvuka mpaka. Aliyefungua koki kwa pupa amepita, na hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Anaosha chupa na kuanza upya.

Katika kuanza upya huko ndimo kemia inapoingia. Mwanafunzi anagundua kwamba namba ya kisayansi inatoka mahali fulani, kwamba ina jasho ndani yake, na kwamba namba mbili za watu wawili waaminifu hazifanani kabisa. Asiyepitia hapo hupika matokeo. Anaandika 24.50, 24.50 na 24.50, na anadhani usawa huo utamfurahisha msahihishaji. Hana nia ya udanganyifu. Hajawahi kujua kwamba vipimo halisi huyumba kidogo. Siku hizi zipo programu za akili unde zitakazomfanyia hesabu ya moli kwa sekunde mbili, hatua kwa hatua, kwa Kiingereza safi au Kiswahili safi. Hazitampa ujazo wa asidi ulioshuka kutoka kwenye bureti ya Moshono. Huo unapatikana kwa jicho na mkono tu.

Kuna hoja nyingine upande wa pili, yenye uchungu zaidi, na anayeipuuza hajafika shule ya kata. Inasema: maabara ni sawa, lakini mwalimu wa kemia mwenyewe hayupo. Mwalimu wa video ni bora kuliko kiti kitupu. Ni kweli nchi hii imehangaika na upungufu wa walimu wa sayansi kwa muda mrefu. Mwaka 2014 serikali ilianzisha stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma ili kuziba pengo; Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo waliondolewa chuoni ghafla, na baadaye sehemu yao tu wakahamishiwa vyuo vya ualimu. Pengo likabaki. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Faraja Nyalandu, iliingia hapo hapo: noti za masomo zinazofuata muhtasari wetu, na Ticha Kidevu anayejibu maswali kwa ujumbe wa simu, hata kwa asiye na simu janja. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vyake vya kiada mtandaoni bila malipo. Wapo vijana waliofaulu kwa njia hiyo wakiwa hawana mwalimu, na juhudi zao ni za kuheshimiwa.

Swali ni nani apewe video hiyo kwanza.

Kanuni za shule zetu hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu shuleni. Maana yake ni kwamba kemia ya mtandaoni anaipata usiku, kwenye simu ya mzazi, bando likiwapo, baada ya mzazi kumaliza shughuli zake. Mtoto wa kike anayepika na kuosha vyombo kabla ya kushika daftari anaipata mwisho wa foleni. Sasa peleka bando hilo hilo kwa mwalimu. Mwalimu mmoja aliyetazama jana usiku namna ya kuandaa jaribio la amonia, akaona wapi huwa linaharibika, akapakua mchezo mmoja wa PhET kwenye kompyuta ya shule, kesho anawafikia wanafunzi wa mikondo yote. Mwalimu wa baiolojia aliyebebeshwa vipindi vya kemia kwa sababu hakuna mwingine anaihitaji video hiyo kuliko mwanafunzi yeyote. Miradi mingi inawalenga wanafunzi kwa sababu watoto wenye tableti wanapendeza kwenye picha za uzinduzi. Walimu wamerukwa, na kurukwa huko ndiko kumeifanya mitandao mizuri ionekane haina matunda.

Mambo haya hayahitaji hata intaneti ya kudumu. Shirika la Learning Equality la Marekani lilianza mwaka 2012 na programu iliyoziingiza video za Khan Academy kwenye kompyuta zisizo na mtandao. Mrithi wake, Kolibri, inaweza kuwekwa kwenye mashine moja ndogo ya shule na kuhudumia chumba kizima kwa mtandao wa ndani. Shule inalipa mara moja, haifukuzani na bando kila Jumatatu. Hilo linawezekana Moshono kesho, na kuliweka kando ya bureti kunagharimu kidogo kuliko kununua tableti za darasa zima.

Mwaka 2020 ulitupa kipimo ambacho hakuna aliyekiomba. Machi 17 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na simuni. Kila aliyekuwa na nyenzo za mtandao alizitumia. Juni 1, serikali ilipoanza kufungua, Kidato cha Sita walirudishwa kabla ya vidato vingine, kwa sababu mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni. Kijana wa mchepuo wenye kemia, PCB au CBG, aliyekuwa ametazama video miezi miwili alirudi na kukimbilia maabara, maana mtihani wa vitendo ungempa chumvi asiyoijua na kumtaka aseme ni nini.

Mtu akiuliza basi nyenzo nzuri ya kemia ya mtandaoni ikoje, mfano uko hapa hapa Tanzania. Unaitwa Shika na Mikono. Uliandaliwa na wafanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps wakishirikiana na walimu wa hapa nchini, na miongozo yake inapatikana bure mtandaoni. Haina picha za kuvutia. Inamwambia mwalimu wapi pa kununua. Asidi ya salfa: asidi ya betri, kwenye duka la vipuri, ikiwa na takriban moli 4.5 hadi 5 kwa lita, nayo humiminwa taratibu ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani yake. Hidroksidi ya sodiamu: kostiki soda ya watengeneza sabuni. Bureti: bomba la sindano la plastiki kutoka duka la dawa. Kichomeo: moto poa badala ya gesi. Kiashiria: maua ya choya, yale ya juisi, ambayo maji yake ni mekundu kwenye asidi na hugeuka kijani kwenye besi. Mwalimu anaisoma, anazima simu, anakwenda sokoni.

Hicho ndicho kigezo ambacho wizara, wafadhili na wazazi wangepaswa kukitumia kabla ya kulipia programu yoyote ya kemia: je, ikishatazamwa, kuna mtu atakayenyanyuka kitini?

Soko la Tengeru, siku ya Jumatano au Jumamosi, lina kemia ya miaka sita. Anza na magadi, yale ya kulainishia makande na maharage. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili akiyadondoshea maji ya ndimu yanatoa povu; hewa ile ikipitishwa kwenye maji ya chokaa, yanakuwa kama maziwa, na hewa ukaa imethibitika. Waya uliochovywa kwenye maji ya magadi ukipelekwa motoni, mwali unakuwa wa njano: sodiamu. Wa Kidato cha Nne anaweza kuyapima kwa asidi ya betri iliyozimuliwa na kukadiria kiasi cha kaboneti kilichomo, na akichukua magadi ya wauzaji wawili atapata majibu mawili, kisha atalazimika kufikiri kwa nini. Na wa Kidato cha Sita aambiwe jambo ambalo mama zake wengi hawajaambiwa. Mwaka 1997, Mabelya na wenzake, watafiti wa afya ya meno, walionyesha kwamba magadi yanaweza kubeba floridi nyingi kiasi cha kuharibu meno ya watoto hata mahali ambapo maji ya kunywa yana floridi kidogo.

Hapo ndipo hoja ya wanaosema kemia yote ya dunia iko mtandaoni inapoanguka. Chuo Kikuu cha Nottingham, kupitia mfululizo wa Periodic Videos ulioanza mwaka 2008 na ambao umempa umaarufu Profesa Martyn Poliakoff mwenye nywele nyeupe zilizotimka, kina video kwa kila elementi. Ya florini inasisimua: gesi hiyo ikigusa vitu, vinashika moto papo hapo. Mtoto wa Moshono akiitazama atafurahi, na atalala akiamini florini ni mnyama wa mbali anayefugwa Uingereza ndani ya mitungi ya chuma. Kesho yake atapiga mswaki mbele ya kioo, na meno yenye madoa ya kahawia, yake au ya jirani yake, hayatamkumbusha kitu.

Kumbe floridi, sura nyingine ya florini hiyo hiyo, ni habari ya nyumbani kuliko elementi yoyote kwenye jedwali lile. Miamba ya volkeno ya Mlima Meru inaiachia polepole kwenye maji yanayopita ndani yake. Maji hayo yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi. Kalsiamu imekwisha kuganda na kuwa chokaa, kwa hiyo floridi haina wa kushikamana naye ili izame kama mashapo, na inabaki ikielea hadi kwenye ndoo. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini kwa sababu mengine hayakuwapo, kabla ya kushuka hatua kwa hatua hadi 1.5. Ukanda wa Maji ya Chai, mashariki ya Moshono, unajulikana kwa watoto wenye meno ya kahawia na wengine wenye miguu iliyopinda. Jiji la Arusha lilijengewa mradi wa maji wa Sh bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kupunguza floridi ni sehemu ya sababu zake.

Familia nyingi huchemsha maji zikiamini zimeyasafisha. Vijidudu hufa. Floridi haiendi popote. Maji yanavyopungua kwenye sufuria, yaliyobaki yanakuwa nayo nyingi zaidi. Mwanafunzi aliyeelewa ukolezi wa myeyusho angeweza kuieleza familia yake jambo hilo mezani, lakini ukolezi alifundishwa kwa maji yasiyo na jina ndani ya chupa iliyochorwa ubaoni.

Dawa nayo inatengenezwa jirani. Kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji kimekuwa kikitumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye hewa haba kuchuja floridi. Madini ya fosfati ya kalsiamu yaliyomo mfupani yanaivuta floridi na kuishika, na ni madini ya jamii hiyo hiyo yanayounda gamba la jino. Kwa hiyo kinachotokea kwenye chujio na kinachotokea kinywani mwa mtoto ni ndugu wa kemia. Mfupa usipoiva vizuri, maji yananuka na kubadilika rangi. Ukiungua kupita kiasi, uwezo wake wa kushika floridi unapungua. Pale Tengeru, kwenye Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano, likampa mwaka 2015 tuzo ya kwanza kabisa ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ripoti za kitafiti za haya yote zinapatikana mtandaoni, kwa Kiingereza cha wataalamu, zikiwa zimepangwa kwa ajili ya wataalamu. Kipindi cha dakika arobaini ambacho mwalimu wa Kidato cha Tatu angekifungua, akakifuata na kukifundisha, kingepaswa kuwa nyenzo ya kwanza ya kemia kutengenezwa Arusha.

Kukitengeneza hakuhitaji mfadhili mkubwa. Taasisi ya Nelson Mandela, Ngurdoto, mamlaka ya maji ya jiji na Taasisi ya Elimu wangeweza kukaa meza moja. Sekondari ya kata haiwezi kununua kifaa cha kupimia floridi, lakini kimoja kilichopo Tengeru kinatosha shule zote za ukanda huu. Wanafunzi wanachota maji ya bomba, ya kisima na ya mto kwenye chupa safi za plastiki, za kioo hazifai kwa sababu floridi inaweza kushambulia kioo, wanaandika mahali na tarehe, na mwalimu anazipeleka. Wiki inayofuata wanapitisha maji yale yale kwenye ndoo yenye mkaa wa mifupa walioupata Ngurdoto na kupeleka chupa za pili. Namba za kwanza na za pili ziwekwe kwenye ukurasa wa wazi, kwa Kiswahili na Kiingereza, pamoja na maswali na mwongozo wa mwalimu. Mwalimu wa Ngaramtoni ataupakua kwa bando dogo na kurudia kazi hiyo kwa maji ya kwao, na mamlaka ya maji itapata vipimo vya visima vya watu binafsi ambavyo wapimaji wake hawavifikii kwa urahisi.